Usisubiri wekundu: vidonda vya kulalia na mgonjwa wetu hospitalini

Mara ya mwisho niliandika juu ya kiharusi, na barua zenu ndizo zilizonipa mada ya leo. Watatu kati yenu, bila kujuana, mmeniuliza jambo moja. Dada mmoja ambaye baba yake alilazwa wiki tatu ameliweka wazi kuliko wote: "Kila nikiuliza naambiwa ngozi ya baba iko salama. Siku ya kumtoa tukavua soksi tukakuta kidonda cheusi kisiginoni. Kilitoka wapi?"

Dada yangu, kilitoka kitandani. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazee hapa Uingereza, na swali lako nakutana nalo kazini mara nyingi, hasa kutoka kwa familia zenye ngozi kama yako na yangu. Leo nitaeleza kwa nini, na nini familia inaweza kufanya kabla mambo hayajafika huko.

Kwetu tunaviita vidonda vya kulalia. Wengine husema vidonda vya kitandani au vya mgandamizo. Kwenye faili la hospitali ya Uingereza wataandika pressure ulcer, na Marekani, tangu 2016, wataalamu wao hupendelea kusema pressure injury. Yashikeni majina hayo mawili. Ukimtajia muuguzi, ataelewa mara moja unauliza nini.

Kidonda kinavyoanza

Bonyeza kiganja chako kwenye kioo cha dirisha. Utaona nyama iliyobanwa inapauka, kwa sababu damu imesukumwa pembeni. Sasa fikiria uzito wa mwili ukikaa juu ya mfupa wa kisigino au wa kifandugu: mfupa juu, godoro chini, nyama katikati. Mtu mwenye afya hujigeuza usingizini mara nyingi bila kujijua. Mgonjwa wa kiharusi, aliyevunjika nyonga, aliyetoka kwenye upasuaji mrefu, au mwenye kisukari ambaye miguu yake haihisi tena, hawezi kujigeuza, au hapati ile ishara ya maumivu ya kumwambia ageuke. Damu isipopita kwa saa chache, nyama huanza kufa.

Wengi hawajui kwamba mara nyingi uharibifu huo huanzia ndani, karibu na mfupa. Msuli huvumilia kukosa damu kwa muda mfupi kuliko ngozi. Kwa hiyo juu unaona ngozi nzima, kumbe ndani nyama imeshaharibika. Ndiyo maana familia husema kidonda kimetokea ghafla Jumatatu, wakati kilianza tangu Ijumaa.

Mgandamizo una wasaidizi wake. Wa kwanza ni kuteleza. Kichwa cha kitanda kikiinuliwa sana, mgonjwa hushuka polepole kuelekea miguuni. Ngozi inabaki imeshikwa na shuka huku mifupa ikishuka, na mishipa midogo ya damu katikati inavutwa na kukunjika. Wa pili ni unyevu: jasho, mkojo na choo hulainisha ngozi mpaka inachubuka kirahisi. Wa tatu ni njaa. Mgonjwa asiyekula hana cha kujengea nyama upya, na aliyekonda sana hana kinga juu ya mifupa yake.

Sehemu za kuangalia ni zile ambazo mfupa uko karibu na ngozi: kifandugu, visigino, nyonga, vifundo vya miguu, viwiko, mabega na kisogo. Ongeza na sehemu zinazobanwa na vifaa: nyuma ya masikio panapopita mpira wa oksijeni, puani penye mpira wa chakula, pajani chini ya mpira wa mkojo, na kingo za plasta ya mfupa uliovunjika. Wanaokaa kwenye kiti kutwa nzima nao wamo hatarini, maana uzito wote uko makalioni.

Ngozi yetu haiwi nyekundu

Hapa ndipo penye jibu la dada yetu. Kwa miaka mingi vitabu vya uuguzi vilieleza hatua ya kwanza ya kidonda hiki kwa picha ya ngozi nyeupe: doa jekundu ambalo ukilibonyeza kwa kidole halipauki. Kwa Mzungu, doa hilo ni kengele. Likionekana, mgonjwa anageuzwa, uzito unaondolewa, na mara nyingi ngozi inapona bila kuchanika.

Kwenye ngozi nyeusi, na hata ya maji ya kunde, doa hilo linaweza lisionekane kabisa. Kwa hiyo muuguzi akisema "sijaona wekundu" anaweza kuwa anasema kweli tupu, na bado hatari ipo. Tafiti za nyumba za wazee nchini Marekani zimekuta kwamba wakazi weusi hupata vidonda hivi kwa kiwango kikubwa kuliko weupe. Sababu ni zaidi ya moja, na ubora wa huduma mahali wanapolazwa ni mojawapo, lakini hatua ya kwanza kutoonekana ina mchango wake.

Basi tutafute nini? Tulinganishe ngozi hiyo na ya jirani yake, au kisigino cha kulia na cha kushoto. Doa huwa jeusi zaidi ya ngozi iliyolizunguka, au lina rangi ya zambarau au kijivu, au linang'aa kama limevutwa. Halafu tuguse. Mgongo wa mkono utakuambia kama pana joto zaidi au ubaridi. Kidole kitakuambia kama pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi. Na mgonjwa mwenyewe, akiweza kusema, atakuambia panauma, panawasha au pamekufa ganzi. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza, wa 2014, unawaagiza wauguzi waangalie joto, ugumu na unyevu wa ngozi pamoja na rangi yake, na wakumbuke kuwa kwa wenye ngozi nyeusi rangi inaweza kubadilika kwa namna nyingine. Kwa hiyo ukiomba ngozi iguswe huombi upendeleo. Unaomba kazi ifanywe kama ilivyoandikwa.

Mwanga nao una maana. Fungueni pazia, au tumieni tochi ya simu. Taa hafifu ya usiku wodini inaficha mengi.

Hospitali inatakiwa ifanye nini

Ujuzi wa kuzuia vidonda hivi haukuanza jana. Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville hapa Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi ya askari waliovunjika uti wa mgongo vitani. Alikuwa Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia nchi hii mwaka 1939, yaani mkimbizi. Wakati ule majeruhi wa aina hiyo wengi walikufa mapema, kwa vidonda vya kulalia na maambukizo ya mkojo. Guttmann aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, bila kuruka. Wagonjwa wake wakaishi, na mwaka 1948 akawaandalia mashindano ya michezo ambayo baadaye yalizaa Paralimpiki. Dawa ya kwanza ilikuwa mikono ya watu na saa ya ukutani.

Siku hizi utaratibu umeongezeka. England, mgonjwa anayelazwa anatakiwa apimwe hatari yake ndani ya saa 6 tangu kufika. Kwa miaka mingi hospitali nyingi za hapa zimetumia kipimo cha Waterlow, kilichobuniwa 1985. Marekani na hospitali nyingi za Ghuba hutumia kile cha Braden. Wanafunzi wa uuguzi mnaohama nchi, kuweni macho: vipimo hivi viwili vinakwenda kinyume. Kwenye Waterlow alama zikipanda hatari inapanda, na kuanzia 10 mgonjwa yumo hatarini. Kwenye Braden, ambayo mwisho wake ni 23, alama zikishuka ndipo hatari inapopanda.

Baada ya kupima huja mpango. Katika wodi nyingi za Uingereza utaona karatasi yenye herufi SSKIN. Hizo ni kazi tano: godoro au mto unaofaa, ukaguzi wa ngozi, kugeuzwa, kukaushwa, na kulishwa. NICE wanasema aliye hatarini ageuke angalau kila saa 6, na aliye katika hatari kubwa angalau kila saa 4. Hicho ni kiwango cha chini, na kinategemea kwamba mgonjwa amelazwa juu ya godoro zuri la sponji. Wengine huhitaji kugeuzwa mapema zaidi. Wale ambao sponji haiwatoshi hupewa godoro la hewa, lile linalojaa na kupungua kwa zamu. Lakini godoro la hewa halimgeuzi mgonjwa. Ratiba ya kumgeuza inabaki palepale.

Ukikaa kitandani kwa mgonjwa wako, uliza maswali haya manne, kwa upole na bila kuona haya:

1. Alama yake ya hatari ni ngapi, na ilipimwa lini mara ya mwisho?
2. Anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa ngapi, na inaandikwa wapi?
3. Visigino vyake vinagusa godoro?
4. Nani ameigusa ngozi ya kifandugu na visigino leo, mbali ya kuitazama?

Swali la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu kinga yake ni rahisi mno. Weka mto chini ya miguu, kutoka gotini hadi juu kidogo ya kifundo, kisigino kibaki kinaelea hewani. Karatasi ipite kati ya kisigino na shuka bila kukwama. Na soksi zivuliwe kila siku. Wazee wetu wanaona baridi, tunawavisha soksi nene kwa mapenzi, halafu kisigino kinakaa siku nyingi bila kuonwa na mtu.

Tuliyoyazoea yasiyosaidia

Tuna mapenzi na wagonjwa wetu, na mikono yetu hutaka kufanya kitu. Bahati mbaya baadhi ya mazoea yanadhuru. Kuchua kwa nguvu sehemu iliyobanwa, iwe kwa mafuta ya nazi au spiriti, kunaumiza mishipa ambayo tayari imechoka. Mafuta yapakwe taratibu kuzuia ukavu. Kusugua juu ya mfupa tuache. Ule mto wa duara wenye tundu katikati, au mpira wa gari uliojazwa upepo, hubana pande zote za tundu na kuzuia damu ya katikati. Glavu zilizojazwa maji chini ya visigino nazo hazifai. Na kumburuta mgonjwa kumpandisha kitandani kunachubua ngozi. Wawe watu wawili, wamnyanyue kwa shuka iliyokunjwa chini yake.

Chakula tunaweza kusaidia sana. Mgonjwa anayekataa chakula cha hospitali huenda akala samaki wa kupaza, mayai, maharage au uji wa maziwa uliopikwa nyumbani. Muulize muuguzi kwanza kama anameza salama na kama figo au sukari yake inaruhusu, kisha leta.

Haya, heshima na neno "sijambo"

Kuna kizuizi kingine, nacho tunakileta wenyewe. Bibi anaulizwa na muuguzi kama ana maumivu; anajibu "sijambo", kwa sababu kalelewa hivyo, na muuguzi anaandika kwamba hana maumivu. Au mama anakataa kugeuzwa na muuguzi mwanamume asimwone maungo, naye muuguzi anaandika kwamba mgonjwa amekataa kukaguliwa. Siku tatu zinapita hivyo.

Msiilaumu haya ya wazee. Itafutieni njia. Siku ya kwanza mwambieni muuguzi mkuu wa wodi kwamba mama anaomba muuguzi mwanamke kwa ukaguzi wa ngozi, na iandikwe. Ombeni afunuliwe sehemu moja tu kwa wakati, nyingine ifunikwe shuka. Binti au mkamwana anaweza kukaa kichwani akimsemesha. Kama lugha ni shida, hospitali za NHS hutoa mkalimani bila malipo. Mjukuu wa miaka kumi asibebeshwe kazi ya kumuuliza bibi yake kuhusu makalio. Na ninyi mnapomuuliza, msiulize hali tu, maana jibu mnalijua. Ulizeni: "Bibi, ukilala hivi, panapokuuma ni wapi?"

Mgonjwa akiwa Tanga, Mombasa au Zanzibar

Wengi wenu mgonjwa wenu yuko nyumbani, ninyi mnatuma pesa na kupiga simu. Huko wodi zina wauguzi wachache kwa wagonjwa wengi, na kazi ya kugeuza, kulisha na kusafisha hufanywa na ndugu anayeuguza. Huyo ndiye muuguzi wenu. Mtendeeni hivyo: apumzike, ale, apokewe zamu.

Mpeni ratiba anayoweza kuikumbuka. Saa zetu za Kiswahili zinasaidia: saa 2 ubavu wa kushoto, saa 4 mgongo, saa 6 ubavu wa kulia, saa 8 kushoto tena, na kuendelea hivyo usiku na mchana. Godoro la wodi likiwa jembamba, hizo saa 2 za Guttmann ndizo za kushika. Akimlaza ubavu asimsimamishe wima juu ya mfupa wa nyonga. Amuegemeze kidogo, kama nyuzi 30, mto ukiwa mgongoni. Mto mwingine kati ya magoti, na mwingine chini ya miguu. Mito mitatu, shuka za kubadilisha na pampasi za kutosha vinaweza kuanza kazi leo. Godoro la hewa ni msaada mzuri likipatikana, ila umeme ukikatika linaweza kuishiwa upepo, kwa hiyo muulizeni kwanza anayeuguza kama litafaa pale alipo. Aliyevunjika nyonga na kufungwa uzito mguuni asigeuzwe kabla daktari au muuguzi hajaonyesha namna, lakini visigino na kifandugu vyake vikaguliwe kila siku.

Mkipiga simu ya video, mkiwa mmeshasalimiana na uso, ombeni kamera ishuke hadi visigino. Kuhusu kifandugu, anayeuguza aguse kisha awaeleze kwa maneno. Picha za mzazi aliyevuliwa nguo zisizunguke kwenye kundi la ukoo.

Kidonda kikitokea

Si kila kidonda ni ushahidi wa uzembe. Mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho, ngozi yake nayo huchoka kama viungo vingine, na wakati mwingine kumgeuza mara kwa mara ni kumtesa. Muuguzi mwenye wagonjwa kumi usiku naye ni binadamu. Lakini mna haki ya kupata maelezo. Tangu mwisho wa 2014 sheria inazilazimu hospitali za NHS nchini England ziwaeleze wazi wagonjwa au familia zao pale huduma ilipoleta madhara makubwa, na ziombe radhi. Ombeni kikao na muuguzi mkuu wa wodi. Msiporidhika, nendeni ofisi ya PALS ya hospitali hiyo. Marekani, tangu Oktoba 2008, Medicare haiilipi hospitali gharama ya ziada kwa kidonda kirefu kilichotokea mgonjwa akiwa mikononi mwake. Ndiyo sababu siku ya kulazwa huko wanakagua ngozi na kuandika walichokikuta. Nanyi muwepo siku hiyo mkiweza.

Kidonda kilichofunguka kinahitaji muuguzi wa vidonda, si unga wa kidonge wala asali ya jikoni. Kikinuka, kikitoa usaha, ngozi ikivimba pembeni, au mgonjwa akipata homa au kuchanganyikiwa, msingoje asubuhi. Maambukizo yakifika mfupani au yakaingia kwenye damu, yanaua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa wenyewe hauonekani vizuri kwa macho, kwa hiyo tutumie mikono.

Mara ijayo, tukijaaliwa, nitawajibu ninyi mnaofanya kazi ya ulezi katika nyumba za wazee, mlioniandikia kuhusu migongo inayouma kwa kunyanyua watu. Endeleeni kuniletea maswali, na wagonjwa wenu tunawaombea nafuu.